Nuumani Muuza Udi na Farasi Aliyefundwa

Alitawala katika mji wa Kaharabu, zamani ambazo hata babu zetu walizisikia kwa babu zao, Sultani Ghadhanfari bin Sufiani, mfalme mwenye enzi na haiba, na mapenzi yake yote yalikuwa kwa farasi. Aliwapenda kuliko bustani zake na kuliko hazina zake, na kwa mapenzi hayo akaweka ada ambayo mji mzima uliifuata, nayo ni hii: mwanamume akitaka kuoa, sharti siku ya harusi avuke uwanja mbele ya baraza akiwa juu ya farasi, hatamu mkononi mwake mwenyewe, asishikiwe na mtu, amsalimu Sultani, kisha aende mpaka mlangoni kwa bibi arusi. Na farasi akifanya jambo lolote ambalo bwana wake hakumwamrisha, hata kuruka kidimbwi tu, basi posa imevunjika papo hapo na binti ataposwa na mwingine. Mji una mambo yake, msiniulize mimi.

Basi katika mji huo alikuwako mfanyabiashara aitwaye Nuumani bin Habibu, muuza udi na ubani na miski, mtu mnene, mcheshi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupanda hata punda. Heshima yake ilipita kiasi. Akipita mtu mbele ya duka, Nuumani huweka mkono kifuani na kuinama mpaka kilemba kikaribie kumdondoka, na akipita mwingine huinama tena. Hivyo ndivyo alivyouza, na hivyo ndivyo alivyopendwa na watu. Na Mungu akamtia moyoni mapenzi ya Durra binti Kutaiba. Na Kutaiba ni nani? Ni mkuu wa mabanda ya farasi wa Sultani. Hebu tazameni, wasikilizaji wangu: wasichana tele Kaharabu, baba zao wahunzi na mafundi cherehani, na mtu asiyejua kukaa juu ya punda kaenda kumpenda binti wa mkuu wa farasi.

Durra naye alimpenda. Wanaume wote waliofika kwao walizungumza habari za farasi kutwa kucha, na Nuumani peke yake ndiye aliyemuuliza yeye habari zake. Akamwambia baba yake waziwazi kwamba hamtaki mwingine, na Kutaiba, aliyekuwa mkali kwa watu wote isipokuwa kwa binti huyo, akamwita Nuumani na kumwambia, "Nimekubali, mwanangu, kwa sababu yeye ametaka. Harusi ni sikukuu ya Idi ijayo. Lakini farasi akikuasi mbele ya Maulana, usirudi hapa hata kuuza ubani."

Nuumani akashukuru, akainama, akainama tena, akarudi dukani. Akafunga mlango, na kwa dhiki aliyokuwa nayo akakwangua chini kabisa ya sanduku, akatoa kipande cha udi cheusi, kikuukuu, kilichokuwa humo tangu enzi za baba yake bila mnunuzi, akakitia katika chetezo apate kutuliza roho. Moshi ukapanda, ukajisokota, ukajaa duka zima, na ndani ya moshi akasimama mwanamke mrefu hata kichwa kimegusa dari, macho yake makaa ya moto, na bangili zake zikitoa ngurumo.

"Mimi ni Barkasha," akasema, "jini niliyefungwa ndani ya udi huu na mfalme ambaye hata jina lake limesahauliwa. Aliyeuchoma ni bwana wangu kwa haja moja tu. Sema haja yako."

Nuumani akaweka mkono kifuani, akainama. "Karibu, bibi. Karibu uketi. Nikutilie kahawa?"

Barkasha akamtazama kwa mshangao, kwa kuwa waliomwona kabla yake wote walizimia, wala hakuna aliyepata kumkaribisha. Akaketi juu ya magunia ya ubani, akanywa kahawa, na Nuumani akamweleza mambo yake yote, kisha akamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo, bibi yangu, nataka farasi aliyekwisha kufundwa, anayejua kila kitu, ili mimi nisiwe na haja ya kujua chochote."

Barkasha akacheka mpaka chupa za miski zikaanguka rafuni. "Farasi huyo ninaye, jina lake Adabu, na hapana mfano wake duniani. Haja yako ni kumpata, nami nitakuuzia, kwani farasi huyu hatolewi bure. Bei yake ni udi wote uliomo dukani humu, uchomwe leo niunuse nishibe. Na sharti lake ni kwamba uje darasani kwangu kila alfajiri mpaka nikuambie basi."

"Bei nimeikubali," akasema Nuumani, "lakini darasa la nini tena, bibi, ikiwa farasi amekwisha soma?"

"Amesoma yeye," akajibu Barkasha. "Panda uone."

Basi ukachomwa udi wote, na harufu yake ikatanda mjini hata watu wakatoka majumbani kuulizana ni harusi ya nani. Na katika moshi wa mwisho akatoka farasi rangi ya majivu, singa za shingo zimefika magotini, mpole, mtulivu, ametandikwa seruji ya fedha. Loo, alikuwa mzuri huyo! Nuumani akamwona na hofu yake yote ikayeyuka, akapanda juu ya gunia, na kutoka kwenye gunia akapanda juu ya farasi, na Adabu akaanza kwenda taratibu katika njia ya sokoni. Nuumani akajiona mwanamume katika wanaume, akasema moyoni, kumbe kazi yenyewe ni hii tu.

Wakati huo akatokea mzee muuza tende. "Sabalkheri, bwana Nuumani."

Nuumani akaweka mkono kifuani, akainama, na Adabu akatoka shoti.

Alitoka kama aliyeambiwa mji unaungua. Watu wakapiga ukelele, "Subhanallah, bwana Nuumani!" na wengine wakamwamkia ili kumtuliza, naye maskini, huku akifa kwa woga, mazoea hayakumwacha, akawainamia, na kila alipowainamia farasi akazidi kukaza mbio, wakaruka meza ya mfinyanzi, wakaruka kamba za nguo za dobi, wakazunguka soko na kulizunguka tena, mpaka Nuumani akang'oka kwenye seruji na kutua katikati ya rundo la makomamanga. Adabu akarudi mwenyewe, akasimama mbele yake, akimngoja.

Barkasha alikuwa amekaa juu ya ukuta. "Kuna kosa alilofanya?" akauliza.

"Amenikimbiza, bibi, sikumwambia akimbie!"

"Umemwambia mara nyingi mno. Huyu hasikilizi ulimi, husikiliza mwili. Kiuno chako kikienda mbele, umemwambia kimbia. Ukikaa nyuma, umemwambia simama. Ukigeuza bega na macho, umemwambia geukia kule. Yeye hana kosa hata moja. Njoo darasani."

Nuumani akaenda. Darasa la Barkasha lilikuwa nyuma ya vilima, katika bonde ambalo watu wa mji hawakupata kuliona, kwa kuwa kila alfajiri jini huyo alilikunjua kama mkeka na jua likipanda alilikunja akaondoka nalo. Katika somo la kwanza Nuumani hakupanda kabisa. Alimsugua Adabu mwili mzima, akamchokonoa kwato, akamlisha, akatembea ubavuni pake, mpaka akajua sikio likilala maana yake nini na mkia ukipiga maana yake nini. Kisha akapanda bila hatamu, mikono angani, na Barkasha akimkaripia, "Mgongo! Umekaa kama gunia la mchele!" Nuumani akitoka jasho na kusema, "Naam, bibi mwalimu."

Lakini ugonjwa wake ulikuwa salamu, na dawa yake Barkasha aliijua. Akapuliza moshi, na moshi ukawa watu: wazee wa heshima, wanunuzi wake wakubwa, na hata shangazi yake aliyekuwa nchi ya mbali, wote wamejipanga bondeni. Kila alipopita wakamwamkia kwa sauti tamu, na kila walipomwamkia akainama, na kila alipoinama akapelekwa shoti mpaka mwisho wa bonde. Akaanguka michangani, akapanda, akasalimiwa na shangazi, akaanguka tena. Akalia. Akasema, "Bibi mwalimu, niache. Siwezi kupita mtu mzima nisimheshimu, hata nikifa."

"Nani kakwambia usimheshimu?" akasema Barkasha, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa laini. "Mkono wako ni wako, uinue. Shingo yako ni yako, iinamishe. Kiuno ni cha farasi. Mwachie."

Na siku ile somo likamwingia. Shangazi wa moshi akamwamkia, Nuumani akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wote, na kiuno chake kikabaki ndani ya seruji kama kimeota mizizi. Adabu akaendelea hatua kwa hatua. Nuumani akapiga kelele ya furaha, kisha kwa hiari yake mwenyewe akaegemea mbele, na Adabu akatoka shoti, na safari hii hakushika singa wala hakufumba macho. Upepo ukamjaa kanzuni, bonde lote likapita chini yake, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakupata kujua kwamba mwili wake huu mnene ungeweza kuwa mwepesi namna ile. Barkasha akamwambia, "Basi," akalikunja bonde lake, akatoweka.

Ikafika Idi. Uwanja ukajaa, ngoma na zumari zikalia, na Sultani Ghadhanfari akaketi barazani, Kadhi kuliani kwake na Kutaiba kushotoni, uso wa Kutaiba umekunjamana. Wale waliomwona Nuumani juu ya makomamanga walikuja mapema wapate mahali pazuri. Akaingia Nuumani langoni, kanzu nyeupe, joho jeusi, Adabu akienda hatua fupi fupi kwa madaha, na vicheko vikakatika. Akafika mbele ya baraza, akakaa nyuma kidogo, farasi akasimama. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa mbele ya Sultani, na Adabu hakutikisa hata sikio.

"Mashallah," akasema Sultani, na Kutaiba akakunjua uso.

Ilibaki njia fupi ya kufika mlangoni kwa bibi arusi. Nyumba ya Kutaiba ilikuwa ya ghorofa, mlango wake mpana umefunguliwa wazi kwa ajili ya wageni, na ngazi zake za mawe zinaonekana. Nuumani akaikaribia, na akainua macho. Durra alikuwa dirishani juu, ushungi wake wa kijani umemteleza, anacheka na kulia kwa pamoja kwa furaha ya kumwona.

Alipokuwa bondeni Nuumani alifunzwa kuvumilia wazee na wanunuzi na shangazi, lakini hilo hakufunzwa. Roho ikamruka, na kiuno kikaenda mbele, na Adabu akapanda.

Akaingia mlangoni, akapanda ngazi za mawe kwa kishindo, akapita wapishi na masinia ya pilau, akapita akina mama wenye marashi, waliotawanyika kila upande, mpaka akafika sebule ya juu, na hapo, mbele ya Durra, akasimama kimya akaweka pua yake begani kwake.

Mji ukashtuka. Sultani mwenyewe akainuka, akapanda ngazi, na nyuma yake Kadhi na Kutaiba, na Kutaiba akasema kwa aibu, "Maulana, hapa mambo ni mawili. Ikiwa hakumwamrisha, farasi ameasi na posa imevunjika. Na ikiwa alimwamrisha, ameingia kwa bibi arusi kabla ya nikahi, na mtu wa namna hiyo hufukuzwa mjini asirudi tena."

Sultani akamkabili Nuumani. "Umesikia. Ulimwamrisha, au hukumwamrisha?"

Durra akamtazama, na macho yake yakamsihi aseme sikumwamrisha, kwani aliyevunjiwa posa huweza kuposa tena siku nyingine, na aliyefukuzwa amekwenda. Nuumani akaliona hilo, na jibu likamfika ulimini. Lakini alimgusa Adabu shingoni akahisi farasi yule ametulia, anamngoja, na akashindwa kulitoa.

"Ewe Maulana, Mungu akuweke," akasema, "sikumwamrisha kwa hatamu wala kwa ulimi. Nilimwona Durra nikakusahau wewe, nikamsahau farasi, nikajisahau na mimi. Mwili wangu ulikwenda kwake, na huyu akaufuata kama alivyofundwa. Siku zote nilizomjua hajaniasi hata mara moja, na siwezi kumwita muasi ili nipate nafuu. Kosa ni langu. Ukinifukuza nitakwenda, na sitaacha kumpenda binti huyu huko niendako."

Sultani akamzunguka Adabu polepole, akamtazama mguu na mguu, akainua uso, na ndevu zake zilikuwa zimelowa machozi.

"Nimeweka ada hii," akasema, "nikitaka kumwona mtu na farasi wake walio kitu kimoja. Wamepita mbele yangu wana wa mawaziri na majemadari, wote wamekaa juu ya farasi wao kama mizigo. Leo nimemwona niliyemtaka, na ninyi mwaniambia nimfukuze. Ada ni yangu, na mimi naisamehe. Kadhi, fungisha nikahi hapa hapa, na shahidi wa kwanza ni mimi."

Nikahi ikafungwa ghorofani, farasi akisimama kati ya wageni akila majani ya mikarafuu ya mapambo, na vigelegele vikasikika mpaka nje ya kuta za mji. Sultani akamfanya Nuumani muuza udi wa jumba lake, utajiri ukamjia mwingi kuliko ule alioufukiza, na Kutaiba akamwita mwanangu na safari hii akamaanisha. Nami nawaambia, mwenye kununua kilichofundwa bado hajanunua elimu yake; hiyo ataitafuta mwenyewe kwa jasho, na aipate na moyo wake uwe safi.

Ikabaki kumshusha Adabu. Wakamvuta, hakwenda. Wakamsukuma, hakwenda. Alizitazama zile ngazi zinazoshuka akarudi nyuma, na hata Kutaiba, mkuu wa mabanda, akapangusa jasho akasema hajapata kuona farasi akishuka ngazi. Nuumani akasimama ameshika hatamu, mwalimu wake hayupo, hana la kufanya.

Ndipo Durra akajifunga ushungi vizuri, akapanda juu ya seruji, akamnyooshea mumewe mkono apande nyuma yake.

"Bwana wangu, kupanda umefundishwa," akamwambia. "Kushuka nitakufundisha mimi. Kaa nyuma, nishike kiuno, na usisalimie mtu."

Nami nawaacha hapo, katikati ya ngazi, wanashuka polepole.