Mkuyu Uliotawishwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmejibu kama watu wenye njaa, na wali mmekula wote. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Anayechambua mchele aendelee kuchambua, masikio hayashiki ungo. Nikisema "Kata juu," ninyi mjibu "Kata chini." Tumeelewana?

"Tumeelewana!"

Zamani za kale, mvua iliukataa mji mmoja. Iliukataa mwaka wa kwanza, ikaukataa na wa pili. Visima vikakauka, ng'ombe wakaanguka, watu wakafunga mizigo. Huyu alibeba mkeka, yule alibeba kinu, mwingine alibeba kuku mmoja aliyebaki. Bibi Nyamvula alibeba chungu. Ndani ya chungu mlikuwa na udongo, na ndani ya udongo mche wa mkuyu, urefu wake kidole. Aliung'oa chini ya mkuyu mkubwa wa kisimani kwao, ule ambao mababu waliukuta.

Wakamwambia, "Bibi, wenzio wanabeba chakula, wewe unabeba mti?"

"Chakula kitaisha njiani," akasema. "Huu hautaisha."

Wakatembea, wakatembea, wakatembea, wakafika mji wa watu wengine, mji wenye mto. Mkuu wa mji ule aliitwa Mzee Ruwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapa mahali pa kujenga na mahali pa kulima, akaweka sharti moja tu.

"Limeni mtama. Limeni kunde. Limeni maboga mpaka mchoke. Lakini mgeni hapandi mti. Kwetu mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Siku mtakayopanda mti, siku hiyo mtafunga mizigo."

Watu wote wakageuka kumtazama Bibi Nyamvula na chungu chake.

"Nimesikia," akasema. "Ardhi yenu sitaigusa."

Akajenga nyumba, akatoboa dirisha upande wa mashariki. Chini ya dirisha akapindua kinu. Juu ya kinu akaweka kigae, juu ya kigae akaweka chungu. Chungu alikitoboa kitako ili maji yapite, maana maji yakilala, mizizi huoza. Kila asubuhi alitia kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu alimwagilia. Ukiwa na unyevu aliuacha. Kila mwezi ulipoandama alikigeuza chungu, mti uote jua shavu la pili. Matawi aliyafunga kwa ukindu akayainamisha, leo kidogo, kesho kidogo.

Na kila mwaka, kabla ya masika, aliutoa mti chunguni. Akapunguza mizizi, akapunguza na matawi, akapaka majivu pale palipotoka utomvu, akaurudisha kwenye udongo mpya. Kacha! Kacha! Huku akiimba:

Kata juu!

"Kata chini!"

Kaa ndani, mti wangu,
usiguse cha mwenzangu.

Miaka ikapita. Shina likanenepa, likafanya makunyanzi kama la mti wa mababu, lakini kimo hakikupita goti. Wanawake wa mji ule walipokuja kuomba moto walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Nyamvula kautawisha mkuyu kama mwali! Harusi lini, mwenzetu?"

"Ikifika, mtaalikwa," akajibu. "Chukueni moto wenu, sufuria zinawangoja."

Basi binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mto akajifungua, na Bibi Nyamvula akaitwa kumwangalia mzazi. Ilikuwa mwanzo wa masika. Nyumba akamwachia mkaza mwanawe, Mbodze. Mbodze alikuwa mchapakazi. Alikuwa na moyo wa huruma pia, na huruma bila kuuliza ni kazi ya pili kwa wenzako.

Akautazama mkuyu ule. Nje mvua inanyesha, kila kitu kinanawiri. Ndani, mti umekaa juu ya kinu kama mgonjwa.

"Masikini," akasema. "Hata mbuzi hutolewa nje."

Akaubeba, akauweka chini nyuma ya jiko, pale maji ya paa yanapodondoka. To! To! To! Mkuyu ukanywa. Ukatoa majani mapana kama viganja. Mbodze akafurahi. Akasema, mama akirudi atanisifu.

Mama akarudi. Hata mzigo hajatua, aliyaona majani yale. Akainama, akashika chungu kwa mikono miwili, akanyanyua. Hakikutoka. Akanyanyua tena. Hakikutoka. Mzizi ulikuwa umepita kwenye tundu la kitako, umeingia ardhini.

Na pale pale, "Hodi! Hodi hapa!" Mzee Ruwa na wazee wenzake walikuwa wamekuja kumpa pole ya safari.

"Pole na safari, Nyamvula. Mzazi hajambo?"

"Hajambo, na mtoto hajambo. Karibuni."

Hawakukaribia. Walikuwa wanatazama chungu. Mzee Ruwa akakisukuma kwa mguu. Hakikutikisika.

"Nyamvula," akasema, "hiki ni nini?"

"Ni mti."

"Uko wapi?"

"Uko ardhini mwenu."

Mbodze akapiga magoti. "Baba, ni mimi! Mama hakuwepo. Niliuonea huruma tu."

"Simama, mwanangu," akasema Bibi Nyamvula. "Mbele ya watu tutasimama. Mzee Ruwa, neno lako nalikumbuka. Nami nina neno. Ninyi mnasema mti huu unaishi kwa ardhi yenu. Mimi nasema unaishi kwa chungu changu. Nitaukata mzizi huu mbele yenu. Mti ukifa, mlisema kweli, nasi tutafunga mizigo. Ukiishi, mtajua ulikuwa unakula wapi."

Wazee wakanong'onezana. Mzee Ruwa akasema, "Tutangoja mpaka mtama uchanue."

Bibi Nyamvula akaomba kisu. Akakipitisha chini ya chungu. Kacha! Utomvu ukatoka mweupe kama maziwa. Akaupaka majivu. Halafu, jamani, akafanya jambo lililowafanya watu wake wapige ukelele. Alianza kunyofoa majani. Yote. Yale mapana mazuri, moja baada ya jingine, mpaka mkuyu ukabaki fimbo. Kata juu!

"Kata chini!"

"Bibi, umetuuza!" wakalia. "Mzizi umekata, na majani tena?"

"Mizizi ni michache," akasema. "Mwenye kibaba kimoja halishi harusi nzima."

Wengine hawakungoja. Walianza kusokota kamba za mizigo. Watoto waliozaliwa mji ule wakawa wanauliza, tunakwenda wapi?

Bibi Nyamvula akarudisha chungu juu ya kinu. Mbodze akasimama kando, machozi yanamtiririka.

"Machozi yana chumvi," akaambiwa. "Usiulilie mti. Wewe ndiye uliyeutoa, wewe ndiye utakayeulea."

"Mama, mimi nitauua!"

"Tia kidole."

Mbodze akatia kidole. "Una unyevu."

"Basi?"

"Basi nauacha."

"Umeanza kujua."

Ikawa hivyo. Asubuhi, kidole. Mara nyingine Mbodze alishika kata ya maji mkononi, hamu ya kumwaga imemjaa, akairudisha mtungini. Kutenda ni rahisi. Kuzuia mkono ndiko kazi. Bibi Nyamvula alikaa mlangoni akichambua kunde, hakugusa chungu hata mara moja. Watu walipomwuliza, alisema, "Ana mwenyewe, mwulizeni Mbodze."

Fimbo ikabaki fimbo. Mtama ukapita kiuno, fimbo ni fimbo. Mtama ukapita kichwa, fimbo ni fimbo. Halafu asubuhi moja Mbodze akapiga kigelegele, nyumba nzima ikaamka. Kwenye ncha ya tawi palikuwa na jani. Dogo kama ukucha wa mtoto. Kesho yake majani matatu. Na mtama ulipochanua, mkuyu ulikuwa umevaa kijani mwili mzima, na kwenye shina lake, chini kabisa, kuyu moja limeiva.

Mzee Ruwa akaja na wazee wake. Safari hii waliingia ndani. Akanyanyua chungu kwa mikono yake, akapapasa chini. Kigae. Akapapasa chini ya kigae. Kinu. Hakukuwa na mzizi.

"Unakula nini mti huu?"

Bibi Nyamvula akamtazama Mbodze. Akajibu Mbodze: "Udongo wa kiganja, jua la dirishani na maji ukihitaji. Cha mtu haujala."

Mzee Ruwa akalichuma lile kuyu, akalivunja, akalitafuna. Akatafuna polepole.

"Majani madogo," akasema, "lakini kuyu hili ni sawa na la mtoni."

"Ulidhani tukikaa padogo tutazaa vidogo?" akasema Bibi Nyamvula.

Wazee wakacheka, na Mzee Ruwa akacheka zaidi yao. Akasema, "Watu waliokaa miaka yote hii na mti wao juu ya kinu, wasiguse changu, hao si wa kuambiwa tena mgeni hapandi mti. Pandeni. Anza wewe, Nyamvula. Utoe huo nje."

"Huu umezoea nyumba," akasema. Akachagua tawi zuri, akalikata, kacha! Akampa Mbodze. "Wewe mkono wako sasa unajua kungoja. Kalipande."

Kisha akatoka mlangoni, akawaita wale wanawake wa kuomba moto: "Njooni na ngoma! Mliuliza harusi lini. Ni leo!"

Ngoma ikalia, pa-ti-pa, pa-ti-pa. Mbodze akapanda tawi la mkuyu nyuma ya jiko, mahali pale pale alipokosea, na mkuyu ule ukaja kuwa mkubwa, watu wanne hawaukumbatii. Ule wa chungu ukabaki dirishani. Bibi Nyamvula alipofariki, hawakupewa binti zake. Alipewa Mbodze, na Mbodze akampa mkaza mwanawe, na yeye akampa wake. Hata ninyi mnajua uko dirisha gani, na mnajua nani hugombezwa akiumwagilia bila kutia kidole.

Basi wanangu, udogo wa mahali si udogo wa mtu. Anayejua kujipunguza bila kujivunja, chungu kinamtosha, na matunda yake hayapungui.

Hapo hadithi yangu imetua mzigo. Aliyemaliza kuchambua mchele auloweke.