Ukumbi wa Shee Famau

Chumba hupimwa kwa boriti. Fundi aliwaambieni hivyo asubuhi, mlipomwonyesha ramani ya nyumba yenye minara minne, nanyi mkadhani anawakejeli. Hakuwa akikejeli. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika mji wa Kirumbani, aliishi mshona makubadhi aitwaye Shee Famau. Desturi ya mji ule ilikuwa kwamba mume huhamia kwa mkewe, na nyumba huijenga baba wa binti. Shee alikuwa na binti mmoja, Mwanakheri, aliyekwisha kuposwa. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa kukosa nyumba. Wazee wa upande wa mume wakakubali kungoja hadi mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wakasema wazi kwamba baada ya hapo kijana wao ataoa kwingine.

Vifaa Shee alikuwa navyo. Tangu binti azaliwe alikusanya mawe, chokaa na boriti za mikoko, kidogo kidogo, kiasi cha kutosha nyumba ya kawaida. Ila nyumba ya kawaida hakuitaka. Kila mwezi alipeleka makubadhi kwa askari wa ngome, na kila mara alivuka ukumbi wao mkubwa akihesabu hatua kimoyomoyo. Upana wake ulikuwa dhiraa kumi. Humo aliwaona Mwanakheri, mama yake, na wajukuu ambao hawajazaliwa, wote juu ya mkeka mmoja, bila mtu kukunja miguu ili mwenzake apite.

Fundi Bunu alipokuja kuanza kazi alilaza boriti moja chini, kama mafundi wa mji ule walivyofanya kabla ya kuchimba msingi.

"Dhiraa sita," alisema. "Nusu dhiraa italala juu ya ukuta huu, nusu juu ya ule. Chumba chako ni dhiraa tano."

"Ngomeni ni kumi."

"Ngome imeezekwa kwa magogo ya msaji yaliyoletwa kwa merikebu, Bwana Shee. Wewe una mikoko."

"Paa ni kazi ya mwisho. Tukilifikia tutajua."

Shee akaiokota boriti ile mwenyewe, akaiweka kando, akachukua kamba na kupima kumi.

Mwenye nyumba akishapima, fundi huchimba. Kuta zikapanda, nene kama za ngome, na kwenye pembe mbili za mbele ikasimama minara yenye meno juu. Wapita njia walisimama kutazama.

"Shikamoo, Sultani wa Makubadhi. Mizinga inaletwa lini?"

"Ukifika wa kwanza nitauelekeza kwako," Shee alijibu, na siku hizo alijibu kwa furaha.

Mwezi wa Rajabu kuta zikakamilika. Ilibaki miezi miwili tu na siku chache. Fundi Bunu akapanda na boriti ya kwanza, akalaza ncha moja juu ya ukuta. Ncha ya pili ikabaki hewani, karibu na katikati ya ukumbi. Akaishikilia hivyo kwa muda, ili mwenye nyumba aione vizuri.

"Unga mbili," Shee alisema.

"Nikiunga, mawe na chokaa ya paa vitazivunja. Atakayekuwa chini ni mkweo."

"Basi jenga ukuta katikati."

"Kwa mawe gani?"

Shee akatazama mahali palipokuwa na rundo la mawe. Palikuwa na vumbi tu. Mwanakheri, aliyekuwa amewaletea chakula, aliweka sinia chini, akainua macho juu ya pembe za nyumba.

"Baba, minara hii inamzuia nani?"

"Haimzuii mtu. Nimeijenga ikupendeze."

"Inapendeza," alisema binti. "Lakini sijapata kuona bwana harusi akilazwa mnarani."

Fundi akageuza uso. Shee alivua makubadhi yake, akapanda ngazi, akashika jino la kwanza la mnara kwa mikono miwili na kulitikisa mpaka likang'oka.

Mawe ya minara miwili yalitoa ukuta mmoja wa katikati, ukapungua kidogo, na pengo lile likawa mlango. Ukumbi ukawa vyumba viwili virefu vyembamba, boriti zikafika. Mfunguo mosi Mwanakheri aliolewa chini ya paa lililokuwa bado linanuka chokaa.

Wajukuu walipokuja, waliketi na wazee wao juu ya mkeka mmoja, na kila aliyetaka kupita aliwaomba wenzake wakunje miguu. Shee alikunja yake kama wengine. Jirani alipomjia kuomba ushauri wa kujenga, Shee alikwenda uani, akaleta boriti moja iliyosalia, akailaza chini mbele ya mgeni.

"Anzia hapa," alimwambia. "Chumba hupimwa kwa boriti."