Malkia Aliyenyamaza Miaka Miwili

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kinywa.

Kikafanyaje?

Kikafumbwa. Tulieni, niwaambie kilivyofumbuka.

Hapo kale, katika Nchi ya Vilima, kule lichomozako jua, palikuwa na kilio. Kila mwaka, baada ya mavuno, Mfalme Mkuu wa Kaskazini alidai wasichana kumi wawe ushuru wake. Wazazi wakawaoza binti zao upesi, kwa maana mke wa mtu hakuguswa.

Baba yake Danhwa hakupata mkwe. Basi akamfunga binti yake nywele utosini, kama wafungavyo wake za watu, akamwambia, "Ukiulizwa, sema mumeo yuko shambani."

Mjumbe wa mfalme akafika. "Mumeo anaitwa nani?"

Danhwa hakuwa na jina la kutaja. Akachukuliwa pamoja na wenzake tisa.

Ikuluni akapewa kazi ya kumwandalia mfalme chai. Mola akampa mkono mtulivu na maneno ya busara, akampa na kibali machoni pa mfalme. Siku moja mfalme akasema, "Aandaaye chai hii atakuwa malkia wangu." Mkono uliobeba birika ukavishwa pete.

Siku ya harusi, Bwana Buga, msimamizi wa nyumba ya wanawake, akaja kumpongeza. Akainama. Nywele zikagawanyika kisogoni, na Danhwa akaona mdomo wa pili, mwekundu, wenye meno. Buga alikuwa zimwi!

"Umeniona," zimwi likasema. "Vyema. Wenzako tisa wako wapi?"

"Ulisema zamu yao ya kazi imekwisha, umewarudisha kwao."

"Nimewarudisha tumboni!" Likacheka kwa midomo yote miwili. "Nyamaza, na kiti ni chako. Sema, na kesho wewe ni kitoweo. Chagua, ewe mpika chai."

Danhwa akanyamaza.

Punde mavuno yakafika, wakaja wasichana kumi wengine. Siku chache baadaye mfalme akauliza, "Wako wapi wale kumi?" Buga akajibu, "Nimewarudisha kwao." Danhwa akanyamaza.

Mwaka wa pili wakaja kumi wengine. "Wako wapi?" "Nimewarudisha kwao." Danhwa akanyamaza. Hariri ikamwasha mwilini kama upupu. Akasali, asipate amani; kwani sala ya mwenye kuficha damu humrudia kifuani.

Mwaka wa tatu wakaja kumi tena. Mdogo wao, Okdan, akamwita kwa lugha ya kwao mbele ya baraza zima, "Dada! Wanasema wewe ni wa kwetu. Nani atatupeleka nyumbani?"

"Mimi, binti yangu," Buga akadakia. "Nitawarudisha kwenu."

Basi Danhwa akasimama. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona Buga akitia kinywani kitu kilichopita motoni. Mla vibichi huogopa kilichopikwa.

"Mfalme wangu," akasema, "kwetu mtu akikupa kikombe kwa mikono miwili, ni haramu kukikataa. Nataka kumshukuru Bwana Buga hivyo." Akamimina chai, akaonja kwanza, akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili.

Buga akacheka kicheko kikavu. "Malkia anipigie magoti mimi mtumwa? Sina kiu."

"Kunywa," mfalme akasema.

"Tumbo linaniuma, bwana wangu."

"Basi chai ni dawa. Kunywa!"

Buga akainama, akanong'ona, "Nikianguka, nitakutaja."

"Usijisumbue," Danhwa akajibu. "Nitajitaja mwenyewe."

Buga akanywa. Ngozi ya mtu ikachanika kama gunia, zimwi likasimama na manyoya yake, likanguruma mpaka taa zikazimika. Askari wakalipasua tumbo kwa mikuki, likafa. Na tumboni wakatoka wasichana, mmoja mmoja, wote hai.

"Malkia ameokoa watu!" baraza likashangilia.

Lakini mmoja wa wale tisa wa kwanza, jina lake Yonsil, hakushangilia. Akamtazama Danhwa usoni. "Kule ndani tulikusikia ukicheka karamuni. Ulijua?"

Zimwi lilikuwa limekufa, hapakuwa na shahidi. Kusema "hapana" kungekuwa rahisi kuliko kumeza mate.

"Nilijua," Danhwa akasema, machozi yakimtoka. "Miaka miwili nilijua, nikanyamaza. Mfalme wangu, kiti ni chako, kichukue. Ila ushuru huu ufute."

Mfalme akainamisha kichwa, kwa maana yeye ndiye aliyeudai. "Ushuru nimeufuta. Kuhusu kiti, waamue hawa."

Yonsil akafikiri, kisha akamshika mkono. "Keti, dada. Aliye juu husikika mbali. Usinyamaze tena."

Danhwa akaketi, akatawala miaka mingi. Wanawake wa mji mkuu wakaiga mavazi ya Nchi ya Vilima na kupika vyakula vyake, na sifa yake ikavuka mito. Lakini kule vilimani akina mama hawawasimulii watoto habari za hariri. Huwasimulia neno moja tu: "Nilijua."

Hadithi yangu imefika ilipokuwa ikienda, nami naishusha hapo. Funzo lake ni hili: anyamazaye mbele ya damu hushiriki damu hiyo, lakini mlango wa toba hufunguliwa kwa kusema kweli.