Fenesi la Mwisho la Zumbarai

Tegeni masikio, na mwenye hekaya tamu kuliko hii aje aninyang'anye zamu, kama anaweza. Katika mji wa Zumbarai alitawala Sultani Mundhiri, mwenye enzi na majeshi, na uani mwa kasri lake ulisimama mfenesi mmoja tu, na kila Ijumaa jini Harudani alishuka ukutani akaandaliwa nofu za fenesi juu ya sinia la fedha, na siku moja alipokwisha kushiba akanena, "Nikifika kula fenesi la mwisho la mti huu nitamchukua binti yako, Mwana Hidaya, ila atokee wa kunifunga mikono." Mashujaa wakamfunga kwa kamba, zikaungua, wakamfunga kwa minyororo, ikayeyuka kama samli.

Likabaki fenesi moja, limeiva, lanukia mji mzima. Ndipo akaja Tawakali, kijana mpasua mafenesi wa sokoni, mwenye mdomo kama wangu, akasema, "Mola wangu, jini huyo niachie mimi."

Waziri akamcheka. "Kijana, kichwa chako hukipendi?"

"Nakipenda, Bwana Waziri, ndiyo maana sikitwishi kilemba kizito kama hicho."

Mwana Hidaya hakucheka. "Ukishindwa, nitakayechukuliwa ni mimi. Umelifikiri hilo?"

"Nimelifikiri, bibi. Wapishi wasiliguse fenesi, basi."

Ijumaa jini akashuka, akaliona fenesi zima juu ya sinia, akanguruma, "Mbona halijapasuliwa?"

"Shikamoo, babu," akasema Tawakali. "Tulidhani jini mwenye ndevu hizo hahitaji kutafuniwa. Au tukuitie yaya?"

Jini akafura kwa hasira, akalirarua fenesi kwa kucha, na utomvu mweupe ukamiminika, na vidole vikagandana, na alipojipangusa ndevuni mikono ikanasa humo humo. Akaitisha maji, ikazidi kunata. Akajiwasha moto, utomvu ukalainika ukamshika hadi viwikoni, na ndevu nusu zikateketea.

"Nifungueni!" akalia.

"Ah, kumbe umefungwa?" Tawakali akatoa kibuyu cha mafuta ya nazi. "Hapa kwetu hata mtoto hujipaka haya kabla ya kugusa fenesi. Wewe miaka yote wapasuliwa tu, utajuaje? Haya, apa kwa pete ya Nabii Sulemani kwamba utamwacha Mwana Hidaya na utautumikia mfenesi."

Jini akaapa, akapakwa mafuta, akafunguka, na tangu hapo akawa mkulima hodari, akapanda kokwa zingali mbichi, maana zikikauka hazioti, na mji ukajaa mifenesi, na watu wakala nofu, na kokwa wakazichemsha kama viazi, na majani wakawapa mbuzi, na mbao zake za manjano zikachongwa milango ya misikiti.

Sultani akamuuliza binti yake kama amtaka kijana yule.

"Namtaka, baba, ila mdomo ule aupumzishe wakati wa kula."

"Nikila fenesi nitanyamaza," akasema Tawakali, na ngoma zikapigwa, na wakaishi kwa neema na mali tele. Nawe mwenye nguvu usikiaye haya, jipasulie chakula chako mwenyewe mapema, maana anayeandaliwa kila siku hajui kinachonata.