Walimu Waliopishana Pantoni

Wapishanao kila siku waulizane waendako. Mliisikia methali hii jana harusini, mzee mmoja akiwaasa maharusi, mkacheka, kisha mkataka kujua nani aliyeisema kwanza. Basi tulieni, maana mwanzo wake ulikuwa hivi.

Nyinyi mmekua daraja la Kigamboni lipo. Sisi tulikua na pantoni, kile chombo cha kuvusha watu na magari. Mtu wa ng'ambo ile akitaka kufika mjini hakuwa na njia ila kuvuka maji, au azunguke kwa barabara ya Kongowe apoteze nusu ya siku. Asubuhi foleni ya magari ilianzia gatini ikapanda mpaka sokoni, na watu wa miguu walisimama bega kwa bega wakingoja geti lifunguliwe. Meli kubwa ikiingia bandarini, pantoni husubiri ipite, na watu wote husubiri pamoja nayo. Likifunguliwa geti, wanaoshuka wanashuka na wanaopanda wanapanda, na katikati ya ule mteremko wa zege pande mbili hupishana. Mtu mwenye utulivu angejiuliza: hawa wanatoka kule kuja kufanya kazi huku, na hawa wanatoka huku kwenda kufanya kazi kule, mbona kazi zenyewe ni zile zile? Lakini nani alikuwa na utulivu saa kumi na mbili asubuhi?

Hata hivyo, palikuwa na raha yake pale. Vitumbua vilikuwa vya moto, na watu walijuana kwa sura na kwa salamu. Hata leo ninapakumbuka.

Miongoni mwa wavukaji alikuwepo mwalimu mmoja kijana, Siwatu Kondo. Aliishi Tungi, huko huko Kigamboni, na mama yake Bi Chausiku na binti yake Somoe. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya shule ya msingi, karibu mno, hata mpira wa wanafunzi ukiruka ua ulitua bandani kwa kuku wake. Lakini yeye hakufundisha shule hiyo. Alipangiwa shule ya Ilala, ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma. Alisifika. Wenzake walisema hata jiwe, akipewa Siwatu mwezi mmoja, litasoma.

Sasa sikilizeni ajabu. Somoe, mtoto wa mwalimu huyo huyo, alikuwa darasa la pili na hakuweza kusoma jina lake. Mama aliondoka mtoto hajaamka, na akirudi alimkuta anasinzia mapajani mwa bibi yake, ambaye naye hakupata kusoma. Jumapili Siwatu alitoa kitabu, lakini mtoto alitaka kucheza na mama, si kusomeshwa, na wote wawili waliishia kununa. Majirani walisema kinyozi hajinyoi. Walikuwa wanatania, na yeye alicheka nao, kisha akaingia ndani akalia.

Kila asubuhi, katikati ya ule mteremko, Siwatu alipishana na mzee mmoja mrefu aliyekuwa akishuka kutoka mjini, koti lake limekaa begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Za nyumbani?"

"Salama. Mama jino linamsumbua."

"Mpe pole. Kazi njema."

Waliendelea hivyo miaka minne. Jino la Bi Chausiku lilisumbua, likang'olewa, likasahaulika, na mzee alifuatilia hatua zote. Mzee naye alisimulia mguu wa mkewe na mahindi yake ya Songea. Lakini hakuna aliyemwuliza mwenzake anakwenda wapi. Zamani tulifundwa kwamba kumwuliza mtu asubuhi aendako ni kumtia mkosi, safari yake ikaharibika. Adabu hiyo waliishika barabara.

Mwezi wa nne ikaja barua kutoka shuleni kwa Somoe. Ilisema mtoto asipojua kusoma kufikia mwisho wa mwaka atakariri darasa, na mzazi afike mwenyewe, asitume bibi. Siwatu aliisoma mara tatu. Kukariri si kifo, lakini aliona mwanawe akiachwa nyuma na wenzake, akichekwa, na kosa ni la nani kama si lake? Akaomba ruhusa ya siku moja.

Siku hiyo hakwenda gatini. Alimshika Somoe mkono wakazunguka ua, hatua mia mbili hivi, wakafika. Kengele ilikuwa imelia. Darasa la pili lilikuwa na watoto mia na kumi na halikuwa na mwalimu. Wengine walikuwa juu ya madawati. Siwatu alisimama mlangoni akingoja, akavumilia kidogo, kisha mikono ikamwasha. Akaingia, akachukua chaki, akaandika "ba, be, bi" kwa herufi kubwa. Watoto wakakaa. Somoe alimtazama mama yake kana kwamba hajawahi kumwona, na Siwatu alipomwelekezea kidole, alisema "bi" kwa sauti ambayo mama hakuijua kuwa anayo.

Walikuwa wamefika "bo" mtu alipoingia akihema, koti begani. Alikuwa yule mzee wa gatini.

"Shikamoo, mzee," Siwatu alisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba, binti." Mzee alifuta jasho. "Leo sikukuona pale. Nikasema binti anaumwa. Kumbe uko darasani kwangu."

"Nimeitwa kwa barua. Mimi ni mama yake Somoe."

Mzee, ambaye jina lake lilikuwa Mwalimu Anselimu Mapunda, alikaa kwenye dawati la mbele, watoto wakasogea kumpisha.

"Barua ile nimeiandika mimi," alisema. "Nilidhani mama yake hajali. Nisamehe, mwanangu. Kila kikao anakuja bibi."

"Mimi nafundisha ng'ambo, Ilala." Siwatu akamtajia shule.

Mzee akalishusha koti begani. "Kengele ya shule hiyo ndiyo inayomwamsha mke wangu. Kati ya ukuta wenu na ukuta wangu anapita mtoto tu, tena kwa ubavu."

Siwatu akaonyesha dirishani. "Na banda lile la kuku ni langu."

"Wale kuku wanaoingia humu darasani?"

"Ndio hao."

"Basi kuku wako wamesoma kuliko mwanao," mzee alisema, kisha akajuta kulisema, kwa sababu Siwatu alikuwa analia mbele ya watoto wote. Alilia kwa aibu na kwa hasira, akihesabu asubuhi zote zile za miaka minne.

"Tumeulizana mpaka habari za meno," mzee alisema polepole. "Kumbe swali lilikuwa moja tu."

"Nilifundwa si adabu kuuliza, mzee."

"Hata mimi. Adabu hiyo imetugharimu."

Wiki hiyo hiyo wakaandika barua za kubadilishana vituo vya kazi. Afisa elimu wa kwanza hakuzisoma vizuri, akawaambia hakuna nafasi. "Hatuombi nafasi, mwanangu," Mapunda alimjibu. "Nafasi tunazo, ila zimekaa kichwa chini miguu juu." Afisa akacheka, akasaini. Ofisi ya pili haikucheka. Faili lililala miezi mitatu, na kila wiki Siwatu alikwenda kuliulizia, huku akiona mwaka unakimbia. Lilipotoka, mwezi wa nane ulikuwa unakwisha.

Siku ya mwisho walisalimiana palepale mteremkoni kwa mara ya mwisho, na waliowazoea waliwauliza kulikoni. Wakaeleza. Watu wakatazamana. Muuguzi mmoja akamgeukia mwenzake wa kupishana naye siku zote, akamwuliza aendako, mlinzi wa ghala naye akamshika mkono mtu aliyekuwa akimpa salamu tu. Foleni haikwisha, nisiwadanganye, lakini mwaka ule wako waliotoka ndani yake na hawakurudi tena.

Siwatu sasa alikunywa chai na mwanawe asubuhi. Jioni walisoma pamoja karibu na banda, jua likiwa bado liko juu. Somoe hakuamka siku moja akajua. Alikosea, akasahau, akarudia, na mama safari hii alikuwepo anaporudia. Mwezi wa kumi na moja bado hakuna aliyejua kama atavuka darasa.

Ndipo mtu akaleta barua ya Mwalimu Mapunda kutoka ng'ambo. Maneno yake Siwatu aliyaandika ubaoni kesho yake, na watoto mia na kumi wakayapeleka majumbani, nyumba zikayapeleka gatini, mpaka yakawafikia nyinyi. Lakini mtu wa kwanza kuyatamka hakuwa mwalimu. Mikono ya Siwatu ilikuwa na unga barua ilipofika, akasema bila kufikiri, "Somoe, nisomee, mwanangu." Alipokwisha kusema akatamani kuyarudisha maneno yake, lakini mtoto alikwisha kuifungua.

"Bin-ti," Somoe alianza. "Siku hi-zi na-la-la mpaka saa mo-ja. La-kini shika-moo yako na-i-kosa."

Siwatu aliacha kukanda. Mtoto alifika mstari wa mwisho, akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Bi Chausiku alitaka kusema kitu, Siwatu akamzuia kwa mkono wa unga. Hakumsaidia hata silabi moja. Kidole cha Somoe kikatembea, kikavuka, kikafika nukta.

"Soma tena," mama yake alisema, machozi yakimtoka.

Na mtoto akasoma tena, bila kusimama popote: "Wapishanao kila siku waulizane waendako."