Ng'ombe wa Tulamwona

Kesi yenye maziwa haiishi. Methali hiyo mmeisikia leo mlangoni pa baraza, mkacheka, kisha mkauliza ilitoka wapi. Ilitoka kwa mwanamke aliyeitwa Tulamwona, na kwake haikuwa ya kuchekesha.

Siku hizo baraza la kata lilikaa kila Alhamisi katika ghala la ushirika. Lilisikiliza ugomvi wa mipaka, matusi, ngumi za vilabuni, mbuzi walioingia kwenye mahindi. Mengi yaliamuliwa kabla ya adhuhuri.

Kesi ya Tulamwona haikuamuliwa. Jirani yake Kihwele alidai kwamba ng'ombe aliyekuwa zizini mwa Tulamwona ni wa kwake, aliyempotea. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Mhema, akaamuru ng'ombe na ndama wake wakae nyumbani kwake yeye mwenyekiti mpaka hukumu. Ndiyo ilikuwa desturi: kinachogombewa hakikai kwa wagombanao. Lakini maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea mjukuu wa Tulamwona, mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake. Sasa alibaki na uji mtupu.

Mchungaji alitoa ushahidi, na aliyemuuza ng'ombe pia. Wote walisema ni wa Tulamwona. Kihwele hakuwa na shahidi. Kesi ikaahirishwa kwa sababu ya msiba, kisha mvua, kisha karani kuumwa. Mwishowe Kihwele mwenyewe akaacha kuja, na kesi ikaahirishwa kwa kuwa hayupo.

Asubuhi moja Tulamwona alipita nyuma ya nyumba ya Mhema. Mke wa Mhema alikuwa akikamua, ndama amefungwa mbele ya mama yake. Ng'ombe wa kienyeji asipomwona ndama wake hashushi maziwa. Vibuyu vilikuwa vimejaa. Tulamwona akaelewa ni nini kilichokuwa kikiahirisha kesi. Akaelewa pia kwamba ndama akiondoka ng'ombe atakauka, na mjukuu wake hatapata tone hata haki ikipatikana.

Alhamisi akasimama.

"Mwenyekiti, Kihwele alidai ng'ombe. Ndama hakumdai. Naomba ndama wangu."

"Mama, ndama hukaa na mama yake," Mhema akasema. "Tuwe na huruma."

"Huruma hiyo mnaikamua kila asubuhi."

Watu wakaangua kicheko.

"Unalivunjia baraza heshima," mjumbe mmoja akamkemea.

"Basi nijibuni, baba. Mnamtunza au mnamkamua?"

Mhema akawatazama wajumbe wenzake. Kila mmoja alikuwa akitazama miguu yake.

"Achukue ndama wake," akasema.

Ng'ombe akakauka. Kikao kilichofuata, hukumu ikatolewa kabla jua halijawa kali, kwa ushahidi uleule wa mashahidi walewale: ng'ombe ni wa Tulamwona.

"Umevumilia vizuri, mama," Mhema akasema akimkabidhi kamba. "Pokea haki yako."

Tulamwona akainama, akakishika kiwele kilichosinyaa, mbele ya wote.

"Nimeipokea," akasema. "Kesi yenye maziwa haiishi."