Boriti za Bi Mize

Palikuwa na mwenyekiti wa nyumba, Bwana Sleyum Hemedi, aliyetaka mjane ahame ili makochi yapate pa kukaa. Mnacheka? Yeye hakucheka.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, ghorofa tatu za mawe na chokaa, imejengwa kabla ya vita vya Mjerumani. Ni ya ushirika: familia nane, kila moja na sehemu yake, na kitabu kimoja cha kanuni. Sasa Bwana Sleyum, anayekaa ghorofa ya kwanza, akaagiza makochi Dubai. Makubwa hasa, yenye miguu ya dhahabu. Wapagazi wakayafikisha mpaka ngazini, yakagoma kupita. Waliozijenga ngazi zile walikuwa wakikalia mikeka. Makochi yakalala uchochoroni siku mbili, paka wa mtaa wakahamia.

Basi mwenyekiti akaitisha mkutano uani.

"Kanuni ya tisa," akasema. "Mwanachama ambaye sehemu yake imeoza, asipoitengeneza kwa siku saba, anahama. Bi Mize, boriti za dari lako zimeliwa na mchwa."

Bi Mize alikuwa mkaanga vitumbua, chumba cha chini, miaka thelathini na moja. Watoto wake walizaliwa mle, mumewe alifia mle. Pengine pa kwenda hakuwa napo. Lakini ulimi haukutetereka.

"Bwana Mwenyekiti, juu ya boriti hizo si ndiyo sakafu yako?"

"Sakafu ni yangu. Boriti ni zako."

"Zimekuwaje zangu?"

"Ukilala chali, nani anazitazama?"

"Mimi."

"Haya!"

Watu wakainamisha vichwa. Pampu ya maji ya nyumba nzima ilikuwa ya Bwana Sleyum, na kila mtu anapenda kuoga. Bi Mize akawatazama mmoja mmoja, akaona aibu kwa niaba yao. Kisha akamgeukia katibu, Maalim Vuai.

"Maalim, andika. Boriti za dari ni zangu."

"Aandike!" akasema Bwana Sleyum. "Na saini natia."

"Na wazee wetu wakihama walibeba vyao, mpaka milango. Ada hiyo bado ipo?"

"Ipo! Beba kila kilicho chako, usiache hata msumari. Nakitaka chumba kitupu."

"Andika na hilo, Maalim."

Siku ya saba, asubuhi, Bwana Sleyum alikuwa juu anakunywa kahawa. Kikombe kikaanza kutembea mezani peke yake. Akakitazama kidogo, kisha akashuka mbio, kofia mkononi.

Godoro la Bi Mize lilikuwa nje. Mlango umeng'olewa, umeegemezwa ukutani. Ndani, Fundi Ussi yuko juu ya ngazi, na msumeno wake uko kwenye boriti.

"Lahaula! Mwanamke, unafanya nini?"

"Nahama, Bwana Mwenyekiti. Si umesema nisiache hata msumari?"

"Ukizitoa hizo, sakafu yangu itakaa juu ya nini?"

"Sakafu yako sitaigusa, Mungu shahidi. Mimi nachukua zangu tu."

"Kitanda changu kiko juu! Mke wangu yuko juu!"

"Mwite ashuke. Vitumbua bado vya moto."

Msumeno ukaendelea, kr, kr. Chokaa ikamdondokea Bwana Sleyum begani. Wakazi wote walishajaa kizingitini, hata wale wa kuinamisha vichwa, na Maalim Vuai mbele yao na kitabu chake kwapani.

"Fundi, acha! Acha nakwambia! Boriti hizo si zake!"

Fundi Ussi akamtazama Bi Mize. Bi Mize akamtazama mwenyekiti.

"Si zangu? Za nani basi?"

"Zangu! Zimebeba sakafu yangu, kitanda changu, kila kitu changu! Zangu mimi, wallahi, wote mnanisikia, zangu!"

Bi Mize akashusha pumzi, ya kwanza tangu mkutano ule. Akajifunga kanga yake vizuri.

"Fundi Ussi, shuka unirudishie mlango wangu. Na wewe Maalim, fungua kitabu, andika: boriti za Bwana Mwenyekiti zimeliwa na mchwa. Ana siku saba."